Maswali ya Wasomaji: Ndege na Vilima vya Uingereza Wakati wa Baridi

Kwa kawaida safu hii hupokea maswali ya safari za hapa nchini, kuanzia misitu ya Pugu hadi Mikumi na Mafia, lakini tangu Oktoba barua za wasomaji wanaokwenda Uingereza zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeona ni vyema kuzijibu pamoja. Wengi wao ni wanafunzi wanaoanza masomo Januari, wachache ni wazazi wanaokwenda kuwatembelea watoto wao, na karibu wote wanataka kujua kama mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam anaweza kutoka nje ya nyumba huko kati ya Desemba na Februari, akapanda kilima, akatazama ndege, na akarudi salama. Anaweza, na kwa upande wa ndege mimi nauona huo kuwa wakati bora kuliko yote ya mwaka. Sharti langu ni kwamba asiviweke vilima na ndege katika siku moja, kwa sababu ambazo majibu yafuatayo yataeleza.

Shikamoo Mzee wa Safu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Sheffield na ninaondoka wiki ya pili ya Januari. Nilipokuwa Mlimani tulikuwa tukienda Kunduchi na wenzangu asubuhi za Jumapili kutazama ndege wa pwani. Nimesoma kwamba Sheffield iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Nikipanda vilima vile nitaona ndege wengi? – Msomaji wa Tabata

Marahaba mwanangu, na hongera. Hutaona wengi, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujakata tiketi ya treni. Vilele vya Peak District vimefunikwa na udongo mweusi wa mboji ulioshiba maji, wenye nyasi ngumu na vichaka vifupi. Majira ya joto ndege kadhaa hupanda huko kutaga, lakini baridi ikiingia karibu wote huteremka mabondeni, mashambani na pwani, kwa kuwa wadudu na minyoo wanaowategemea hawapatikani tena juu. Anayebaki ni ndege mmoja mnene wa jamii ya kwale, mwenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, ambaye hula machipukizi ya vichaka hivyo mwaka mzima na ambaye atakushtua kwa kuruka ghafla karibu na miguu yako huku akilia kwa ukali. Ukibahatika utamwona pia sungura wa milimani, ambaye manyoya yake hugeuka meupe wakati wa baridi. Sungura hao walipelekwa pale na watu katika karne ya 19, na siku ambazo theluji haipo weupe wao huwaumbua badala ya kuwaficha.

Ndege wa kukufariji utamkuta chini, kwenye vijito vyenye mawe. Anaitwa dipa, ni mfupi na wa mviringo, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea na kifua cheupe kabisa. Husimama juu ya jiwe katikati ya maji yaendayo kasi akichuchumaa na kuinuka, kisha huingia majini mzima mzima na kutembea chini ya maji, juu ya changarawe, akitafuta mabuu ya wadudu. Ukimtazama kwa utulivu utamwona akiibuka hatua kadhaa mbele, maji yakichuruzika mgongoni bila kuyalowesha manyoya yake, na kupanda jiwe jingine. Kwa kuwa maji ya kasi hayagandi kwa urahisi, yeye hana sababu ya kwenda mbali, hata katika Januari ya baridi kali.

Kwa hiyo siku ya kilima iwe ya kilima. Panda treni iendayo Manchester, shuka Edale baada ya takriban nusu saa, na njia ya kupanda Kinder Scout, chenye mita 636, utaianza kwa miguu kutoka stesheni hapohapo. Siku ya ndege nenda kwenye maji ya bondeni. Kwa mtu wa Sheffield pa kuanzia ni Old Moor, jirani na Barnsley, eneo lililokuwa la machimbo ya makaa ya mawe ambalo sasa ni mabwawa na matete, na ambako kuna vibanda vya mbao unavyoweza kukaa ndani yake na kuchungulia ndege bila kulowa.

Ninakwenda Leeds. Kaka yangu aliyeko huko anasema mvua ni ya kila siku na kwamba nisijisumbue kununua nguo hapa kwetu. Mimi nina bajeti ndogo na pale Karume naona makoti mazuri. Nimsikilize au nisimsikilize? – Dada wa Mbagala

Kaka yako ana ukweli nusu. Ukihesabu mwaka mzima, Dar es Salaam hupata mvua nyingi kuliko London: sisi tunapata zaidi ya milimita 1,000, London takriban 600. Tofauti iko katika namna ya kunyesha. Masika yetu humwaga kwa saa mbili, Jangwani ikafurika, kisha jua likatoka. Ya huko mara nyingi ni manyunyu yanayoweza kuanza asubuhi na kuendelea mpaka giza, yakisukumwa na upepo wa magharibi, katika nyuzijoto nne au tano. Vilimani hesabu hubadilika kabisa. Kitongoji cha Seathwaite, katika eneo la Lake District, hupata takriban milimita 3,500 kwa mwaka, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka Atlantiki inapolazimika kupanda milima hupoa na kuangusha maji yake palepale. Leeds, iliyoko mashariki ya safu ya Pennines, haiko katika hali hiyo, lakini ukitoka Jumamosi kwenda vilima vya magharibi utakutana nayo.

Kuhusu Karume, sikubaliani na kaka yako. Yale makoti mazito ambayo madereva wetu wa bodaboda huyavaa alfajiri mengi yametoka Ulaya katika marobota, na sioni aibu yoyote koti likirudi lilikotoka. Jambo la muhimu ni kujua kuchagua. Ligeuze koti ndani nje na utazame mishono yake: koti la mvua la kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono. Pitisha kucha kwenye utepe huo, na ukiona unabanduka, au kitambaa cha ndani kinapukutisha magamba meupe ukikisugua, liache hata kama muuzaji anakupunguzia bei, kwa maana kinga yake imekwisha na haitarudi. Kisha weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita kirahisi, maji pia yatapita.

Ndani ya koti hilo vaa sweta la sufu, ambalo Karume halina wanunuzi wengi na kwa hiyo halipandi bei, na chini yake fulana nyembamba ya michezo isiyo ya pamba. Jinzi iache kwa ajili ya mjini. Pamba ikilowa haikauki, hushikamana na ngozi na kuuvuta joto mwili wako saa nzima unayotembea, ilhali sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Suruali ya mvua ya kuvaa juu ya suruali yako, glavu jozi mbili kwa sababu ya kwanza italowa, na kofia ya kufunika masikio. Mwavuli usiubebe kilimani, upepo utaugeuza ndani ya dakika tano. Buti zinunue huko huko, mpya, ukiwa umevaa soksi nene utakazozitumia, na hapo usibane matumizi.

Mwaka jana nilifika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Rafiki zangu wa London wananialika kupanda Scafell Pike mwishoni mwa Desemba, nami nasoma kwamba kina mita 978 tu, halafu wananitisha eti ni hatari. Si wananitania hawa? – Mpanda Mlima, Mikocheni

Hawakutanii, ndugu yangu, na kwa hakika nina wasiwasi zaidi na wewe kuliko na yule msomaji wa Tabata ambaye hajawahi kupanda chochote. Kilimanjaro ulipanda na mwongozaji ambaye kanuni za hifadhi zinakulazimisha kuwa naye, wapagazi walibeba mzigo, mpishi alikuwekea chai, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiangalia saa. Adui yako mkubwa alikuwa uhaba wa hewa. Scafell Pike, ambacho ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya England, hakina uhaba wa hewa, hakina lango, na hakina mtu wa kukuuliza unakwenda wapi. Kina upepo, maji, ukungu na giza, na vinne hivyo mara nyingi hufika kwa pamoja.

Anza na giza. Mwishoni mwa Desemba jua la kaskazini mwa England huchomoza karibu saa 2:25 asubuhi na kuzama karibu saa 9:50 alasiri, kwa hiyo mchana wote ni wa saa saba na nusu hivi. Wapandaji wa huko hutumia kanuni ya Mskoti aitwaye William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano za kutembea, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kwenda na kurudi kutoka Seathwaite ni kama kilomita 14 na mita 900 za kupanda, ambayo kwa kanuni hiyo inatoa saa nne na zaidi kidogo, bila kupumzika, bila kula, bila matope wala mawe yanayoteleza. Ongeza nusu yake, kama inavyostahili kwa mgeni wakati wa baridi, na utaona kwamba mchana unabaki na nafasi ndogo sana ya kupotea njia.

Na kupotea ni rahisi. Kilele chake ni uwanja wa mawe makubwa yaliyotapakaa, ambako njia haionekani tena ardhini, na ukungu ukishuka utaona hatua kumi mbele yako. Ukikosea upande wa kuteremkia utajikuta katika bonde la Wasdale au Eskdale badala ya ulikotoka, na gari lako litakuwa upande wa pili wa milima. Simu peke yake haitoshi, kwa kuwa baridi humaliza betri haraka na skrini iliyolowa haitii kidole. Beba ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huko, ya kipimo cha 1:25,000, dira, na tochi ya kichwani, na uwe umejifunza kuvitumia kabla ya siku hiyo.

Baridi kavu ya usiku wa kuelekea Uhuru inaumiza, lakini nguo zako zilikuwa kavu. Mvua ya nyuzijoto mbili ikichanganyika na upepo huliondoa joto la mwili kwa kasi ambayo mtu wa pwani hawezi kuitambua mapema. Dalili za kwanza ni kutetemeka, kujikwaa ovyo na maneno kukokota. Mwenzako akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hiyo si nafuu bali hali imezidi: mkingeni na upepo, mvalisheni nguo kavu, mpeni kitu kitamu kama bado anameza vizuri, msimsugue na msimpe pombe, na mwite msaada. Kama juu kuna barafu, safari hiyo inahitaji kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti), shoka la barafu na mafunzo, na mimi nakushauri uikatae bila kuona haya. Waambie rafiki zako wakupeleke Mam Tor katika Peak District, mita 517, ambako kuna njia ya mawe iliyotandikwa hadi kileleni.

Binti yangu anasoma Manchester na kila mwisho wa juma ananitumia picha akiwa peke yake nyikani, katikati ya ukungu. Huko hakuna wanyama wakali? Na wenye mashamba hawamfukuzi, maana naona anaruka nyua za watu? Je, analipa kiingilio? – Mama wa Kimara

Mama, hofu ya wanyama iondoe kabisa. Nchi nzima ina nyoka mmoja tu wa asili mwenye sumu, na wakati wa baridi hulala ardhini mpaka jua la machipuko. Wenye mashamba nao hawana la kumfukuzia, mradi afuate njia za umma, ambazo hupita kihalali katikati ya mashamba ya watu na zina ngazi ndogo za mbao za kuvukia nyua. Hizo ndizo unazoziona kwenye picha. Hakuna kiingilio, kwa kuwa hifadhi za taifa za kule hazifanani na zetu: watu wanaishi ndani yake, wanafuga kondoo na wana maduka, na hakuna lango la kulipia.

Haki hiyo haikuja bure. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wafanyakazi, wengi kutoka Manchester hiyohiyo, waliingia kwa makusudi katika nyika ya Kinder Scout iliyokuwa imezuiliwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, wakiongozwa na kijana aliyeitwa Benny Rothman, na watano miongoni mwao walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949, Peak District ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikawaruhusu watu kutembea hata nje ya njia katika nyika na milima iliyoonyeshwa kwenye ramani. Binti yako anapita mahali ambapo watu walifungwa kwa kupapita.

Linalonisumbua mimi ni hilo neno "peke yake". Vyuo vingi vya huko vina klabu ya wapanda vilima, na wanachama wapya hukaribishwa hata kama hawajui lolote. Siku anayokwenda mwenyewe, amwachie mwenzake wa nyumbani ujumbe wenye njia atakayopita na saa atakayorudi, abebe filimbi na tochi, na ajue kwamba ishara ya kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, kimya kwa dakika moja, kisha kurudia. Namba ya dharura ni 999. Aombe polisi, kisha aombe waokoaji wa milimani, ambao ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo. Kwako wewe kuna jambo moja la kurahisisha mambo: Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya Manchester wakati wa baridi, na kwa sababu hiyo jua la Desemba huzama kwenu na kwake karibu kwa wakati mmoja. Adhana ya Magharibi ikisikika Kimara, yeye anapaswa awe ameshashuka kilimani. Mkubaliane akutumie ujumbe saa hiyo.

Kila mwaka kuanzia Oktoba naona mbayuwayu wengi wakitua kwenye nyaya za umeme hapa mtaani. Niliwahi kuambiwa kwamba wametoka Uingereza kukimbia baridi. Kama ndege wanaikimbia nchi hiyo, hao wanaokwenda kutazamwa huko wakati wa baridi ni ndege gani? – Mwalimu mstaafu, Upanga

Shikamoo Mwalimu. Swali lako ni zuri kuliko yote yaliyofika mwezi huu. Mbayuwayu wa Uingereza ni kweli huja Afrika, lakini makazi yao ya baridi yako hasa Afrika Kusini. Jambo hilo lilithibitishwa kwa pete: mbayuwayu aliyefungwa pete mguuni huko Cheadle, Staffordshire, Mei 1911, alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Desemba 1912. Njia yao hupita Ufaransa, Hispania, Morocco, jangwa la Sahara na misitu ya Kongo, yaani upande wa magharibi, kwa hiyo yule aliyetua kwenye waya wa Upanga kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ametoka pengine Ulaya au Asia.

Sasa, mbayuwayu hula wadudu warukao, na wadudu hao huko hutoweka. Ndege anayekula minyoo ya matope, nyasi au matunda ya vichakani ana hesabu nyingine. Uingereza imezungukwa na bahari inayopokea maji ya uvuguvugu na pepo za Atlantiki, na matokeo yake ni kwamba ingawa London iko karibu katika latitudo ile ile na Irkutsk ya Siberia, mchana wa Januari hufikia nyuzijoto saba au nane na matope ya pwani kwa kawaida hayagandi. Kwa ndege wa Aisilandi, Skandinavia na kaskazini ya Urusi, hiyo ndiyo nchi yenye joto. Mabukini wenye miguu ya waridi hushuka kutoka Aisilandi na Greenland, wakalala kwenye matope ya Norfolk na alfajiri kuruka kwenda mashambani kula mabaki ya viazisukari vilivyovunwa. Bata maji wa Bewick hutoka Aktiki ya Urusi. Huko Slimbridge, kwenye bonde la mto Severn, ambako mhifadhi wa ndege Peter Scott alianzisha kituo chake mwaka 1946, watazamaji walianza mwaka 1964 kumtambua kila mmoja wa bata hao kwa mchoro wa njano na weusi wa mdomo wake, kwa kuwa hakuna midomo miwili inayofanana. Siku hizi wanaofika wamepungua, na sababu mojawapo ni kwamba baridi ya bara imelegea, hivyo wengine huishia Uholanzi na Ujerumani.

Mtu anayelalamikia unyevu wa nchi hiyo analalamikia kitu kilekile kilichowaleta ndege.

Nitakuwa London wiki mbili za Februari, bila gari. Mimi ni mtu wa Kigamboni, nimekulia kwenye maji. Kuna mahali pa pwani pa kutazama ndege ambapo naweza kufika? – Mtoto wa Pwani

Wewe una faida kubwa kuliko wasomaji wengine wote, kwa sababu unajua bamvua na maji mafu. Mashariki ya England kuna ghuba pana iitwayo the Wash, na upande wake wa Norfolk kuna hifadhi ya Snettisham. Maji yakipwa, makumi ya maelfu ya vitwitwi wa kijivu, ambao huzaliana Greenland na kaskazini ya mbali ya Kanada, hutawanyika kwenye matope kiasi kwamba hata kwa darubini huwaoni vizuri. Maji yakijaa kwa kawaida bado hubakiwa na ukanda wa kusimama. Lakini bamvua likiwa kubwa, maji huyafunika matope yote, na ndege hao hulazimika kuruka wote kwa mkupuo, wakageuka angani mara weupe mara weusi kadiri wanavyopinda, na kutua kwa kubanana katika mabwawa yaliyo nyuma ya ufuko. Kwa hiyo tafuta siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kisha hakikisha katika jedwali la maji kwamba kujaa kunaangukia mchana, na uwe umeshafika saa moja kabla. Treni ya London inafika King's Lynn, na kutoka hapo kuna basi la kuelekea Hunstanton. Miongoni mwa ndege wa ghuba hiyo utawatambua wenyeji wa Kigamboni: sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, na kitwitwi apinduaye mawe.

Usijaribu, hata hivyo, kutembea kwenye matope kama unavyotembea kwenye maji kupwa ya kwetu kutafuta pweza. Matope ya kule ni ya kuzama, na maji hurudi kwa mifereji inayokuzunguka nyuma. Katika ghuba ya Morecambe, Februari 2004, wakusanyaji wa kombe wasiopungua 21 kutoka China walikufa usiku mmoja kwa kuzidiwa na maji.

Siku usizotaka kwenda mbali, kituo cha London Wetland Centre kiko Barnes, ndani ya jiji lenyewe. Hapo kuna kiingilio. Na ukipata jioni moja kavu, treni ya Brighton huchukua kama saa moja. Kwezi wa Ulaya hukusanyika kwa maelfu juu ya gati la starehe kabla ya giza, wakazunguka angani kwa kundi moja, kisha wakashuka kulala chini ya mbao za gati.

Nina darubini ndogo ya 10x25 niliyonunua Kariakoo. Inafaa? – Msomaji wa Sinza

Kwa jua la Sinza inafaa. Kwa mawingu ya Januari hapana, kwa sababu namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na ukiigawanya kwa ile ya kwanza unapata upana wa mwali unaofika jichoni: milimita 2.5 tu kwa yako, zaidi ya 5 kwa 8x42. Azima au nunua 8x42. Kabla ya kusafiri na yoyote iliyokaa muda mrefu hapa mjini, itazame lenzi dhidi ya mwanga. Hewa yetu ya chumvi huotesha fangasi ndani yake wenye nyuzi nyembamba, na huo haufutiki kwa kitambaa.

Swala nikiwa kilimani je? – Msomaji wa Ilala

Mwishoni mwa Desemba Adhuhuri ya Manchester huingia baada ya saa sita, Alasiri kabla ya saa nane, na Magharibi kabla ya saa kumi, kwa hiyo tatu hizo zote huangukia ndani ya matembezi ya kawaida. Pakua ratiba ya msikiti wa mji huo kabla hujatoka. Kibla kutoka England ni kusini-mashariki, takriban digrii 119 kwa dira ukiwa London, na mfuko imara wa plastiki chini ya mswala utakuepusha na maji. Kuhusu kukusanya swala ukiwa safarini, muulize sheikh wako.

Ninakwenda kukaa na mwanangu Leicester mwezi mzima wa Januari. Magoti yangu hayapandi hata ngazi. Mimi nitaona nini? – Bibi wa Magomeni

Shikamoo Bibi. Utaona zaidi ya wengi wanaopanda, ukipewa kiti karibu na dirisha la bustani. Mwambie mwanao atundike chombo cha karanga zisizo na chumvi na kingine cha mbegu za alizeti, mbali kidogo na mahali paka anapoweza kujificha, na avisafishe kila wiki kwa sababu ndege huambukizana magonjwa kwenye vyombo vichafu. Atakayekuja mapema ni robini, mdogo, mwenye kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva. Ndege wengi wa huko hunyamaza wakati wa baridi, lakini yeye huimba Januari yote, dume na jike pia, kwa kuwa kila mmoja analinda eneo lake la chakula na hataki jirani. Akiona robini mwingine kwenye bustani yako utashuhudia ugomvi.

Mwisho wa juma wa mwisho wa Januari kuna hesabu ya ndege wa bustanini inayoendeshwa na RSPB, chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa mwaka 1889 na wanawake waliochoshwa na mauaji ya ndege kwa ajili ya manyoya ya kofia. Hesabu hiyo ilianza mwaka 1979 na mtu yeyote anaruhusiwa, mgeni na mwenyeji. Unachagua saa moja, unakaa na karatasi, na kwa kila aina unaandika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mpigo, ya waliotua tu, si waliopita angani. Usijumlishe waliokuja na kuondoka: robini akirudi mara kumi ndani ya saa hiyo, andika mmoja.